Karo ya Vyuo Vikuu: Njia Waliyopita Wazee Wetu na Njia Iliyo Mbele ya Watoto Wetu



Kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na taarifa ya matanga, Halmashauri huweka katika kijitabu hiki habari moja ya mambo yaliyopita, ili vijana wasome na wazee wapate kutusahihisha. Mwaka huu tumechagua habari ya karo ya masomo ya juu, na sababu yake wengi wenu mwaijua.

Binti wa mwanachama wetu mmoja, aliyefaulu vema mtihani wa kidato cha nne na kuitwa chuo kikuu, alikaa nyumbani muhula mzima. Si kwamba fedha za kumsaidia hazikuwapo. Zilikuwapo, lakini fomu yake haikupelekwa kwa wakati. Cheti cha kifo cha baba yake hakikuwa kimetafutwa, na mama yake, kwa kusikia neno mkopo, alidhani ya kuwa shamba la marehemu litawekwa rehani, akaificha barua ndani ya kasha. Habari ilipotufikia, siku ya mwisho ilikuwa imekwisha pita. Hapo nyuma, binti huyo alipoitwa chuoni, sisi tulimchangia nauli, sanduku na godoro, tukapigiwa makofi mkutanoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza habari ya fomu. Lawama hiyo hatumtupii mjane yule. Ni yetu sisi Halmashauri. Ndiyo maana tumeona vema kuieleza historia hii, kwa kuwa ndani yake twaona ya kwamba kosa letu ni la zamani, na dawa yake pia ni ya zamani.

Kabla ya Uhuru

Zamani hizo, kijana wa Kiafrika wa Kenya aliyetaka masomo ya juu alikuwa na njia chache sana. Chuo cha Makerere kule Kampala kilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kikawa chuo kikuu kishiriki cha London mwaka 1949. Nairobi haikuwa na chuo cha namna hiyo hadi Royal Technical College ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Nafasi zilikuwa haba, na mlango wa Makerere ulikuwa mwembamba kwa watu wa nchi zote za Afrika ya Mashariki.

Wachache walikwenda ng'ambo kwa nguvu za jamaa zao. Mwaka 1927 Chifu Koinange wa Mbiyu alimpeleka mwanawe, Peter Mbiyu Koinange, kusoma Marekani katika Hampton Institute. Mwana yule aliporudi alisimamia chuo cha walimu cha Githunguri, kilichoanza mwaka 1939 kwa michango ya watu wenyewe. Lakini ni wazee wangapi waliokuwa na uwezo wa Chifu Koinange? Mtu wa kawaida, mfanya kazi wa reli au wa bandari ya Mombasa, hakuweza hata kuota jambo hilo.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliweka mfuko wa mikopo kwa Wakenya waliosoma vyuo vikuu nje ya Afrika ya Mashariki, kama vile Uingereza, Marekani, India na Afrika ya Kusini. Basi wale wanaosema kwamba mkopo wa masomo ni jambo geni lililoletwa na vijana wa siku hizi, na wajue ya kuwa umekuwapo tangu mwaka ule. Bali waliofaidika walikuwa wachache, maana waliousikia walikuwa wachache.

Ndege za mwaka 1959

Habari ambayo wazee wetu huisimulia kwa furaha ni ile ya ndege za wanafunzi. Marehemu Tom Mboya, aliyekuwa amesoma Ruskin College kule Oxford katika miaka ya 1955 na 1956, aliona ya kuwa nchi yakaribia Uhuru ilhali watu wenye elimu ya juu hawatoshi. Alizunguka Marekani akinena na vyuo, vyama vya wafanya kazi na watu wenye moyo mwema. Wako waliokubali kutoa nafasi za masomo, lakini nauli ya kuvuka bahari ilikuwa kikwazo kikubwa.

Ndipo chama cha African American Students Foundation kilipoombewa fedha. Mwaka 1959 mchezaji mashuhuri Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Mboya alikwenda kuonana na Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kati ya mwaka 1959 na 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika ya Mashariki walisafiri kwa mpango huo.

Serikali ya kikoloni haikuupenda, ikadai kwamba vyuo vya Marekani havifikii kipimo cha vile vya Uingereza. Wazazi hawakusikiliza. Walichanga. Mbuzi waliuzwa, vikombe vya chai viliuzwa katika karamu za michango, na vyama vya watu wa kwao mijini, vilivyo mfano wa hiki chetu, vilipitisha kofia.

Lakini twapenda mtazame jambo moja ambalo halisimuliwi sana. Kabla ya kupanda ndege, kila mwanafunzi alihitaji barua ya chuo inayomkubali, na fungu la fedha la kumtunza huko aendako. Mboya na wenzake, Dakta Julius Kiano na Kariuki Njiiri, walikaa Nairobi wakisoma maombi na kuchagua. Mtu aliyekuwa na akili nyingi lakini hakujua anwani ya kuandikia, huyo hakuonekana kamwe. Wangari Maathai, aliyepata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisafiri mwezi wa Septemba 1960 kwenda chuo cha Atchison, Kansas. Alikuwa amefaulu sana shuleni Loreto Limuru, hilo ni kweli. Bali kulikuwa pia na watu wa kanisa lake waliosikia habari ya mpango ule na kuyapeleka mbele majina ya vijana waliomaliza katika shule zao. Tusisahau kwamba walikuwako wasichana wengine wenye akili ambao hapakuwa na mtu wa kuwapeleka mbele, na majina yao hatuyajui leo.

Mkopo uliodhaniwa kuwa zawadi

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 serikali yetu ilihitaji upesi watu wa kuziba nafasi za Wazungu. Kwa hiyo ililipa gharama za wanafunzi wa chuo kikuu, nao kwa upande wao walitakiwa kuitumikia nchi baada ya kumaliza. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama kwa jina lake mwaka 1970. Hiyo ndiyo miaka ambayo wengi wetu twaikumbuka: mtoto akiitwa chuoni, mzazi alichinja jogoo, akamsindikiza hadi kituo cha gari moshi cha Voi, kazi yake ikawa imekwisha.

Mwanzo wa miaka ya 1970 wananchi walijenga vyuo vya ufundi kwa Harambee katika sehemu nyingi za nchi, kama vile RIAT huko Kisumu, WECO huko Kakamega, na Coast Institute of Technology hapa Voi. Watu walitoa fedha, mawe, mchanga na siku za kazi. Twalitaja jambo hili ili mtu asiseme ya kuwa masomo ya ufundi ni ya walioshindwa. Vyuo hivyo ni jasho la wazee wetu.

Mwaka 1974 serikali ilileta mpango wa mikopo kwa Wakenya waliosoma katika vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Hapo ndipo ulipozaliwa ugonjwa ambao haujapona hadi leo. Wanafunzi na wazazi waliipokea fedha ile kama zawadi ya serikali. Hawakuambiwa waziwazi kwamba ni deni, na sheria ya kuidai haikuwa na nguvu. Wengi hawakulipa, si kwa wizi, bali kwa kutofahamu. Fedha zisiporudi, kisima hukauka; na kisima kikikauka, anayekosa maji ni mdogo anayekuja nyuma. Mwezi wa Julai 1995 Bunge lilianzisha Halmashauri ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kwa herufi HELB, ikapewa nguvu ya kukopesha na ya kudai.

Kugawana gharama

Kabla ya hapo, mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Wanafunzi wa kwanza wa mpango wa 8-4-4 waliingia vyuo vikuu mwaka 1990, na hesabu yao ikapanda ghafula. Mwaka 1991 serikali ilisema ya kuwa mzazi naye atalipa sehemu yake. Wanafunzi walionung'unika walikuwa wengi, na wazazi walioshangaa walikuwa wengi zaidi. Katika miaka iliyofuata karo ya mwanafunzi aliyeitwa na serikali ikatulia katika Sh. 16,000 kwa mwaka, ikakaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango kwa wanaojilipia wenyewe, na vyuo vingine vikafuata. Hapo ndipo tulipoona mashamba yakiuzwa.

Misaada mingine nayo iliongezeka. Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo ya Bunge ilipita mwaka 2003, na sehemu ya fedha zake ikawa basari za wanafunzi. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, nazo zikatenga basari zao. Basi katika muda wa miaka kumi tu, mzazi ambaye hapo zamani alikuwa na mlango mmoja wa kubisha, akawa na milango mitatu au minne, kila mmoja una fomu yake, tarehe yake na mwandishi wake. Milango iliongezeka, lakini aliyemwonyesha mzazi njia hakuongezeka.

Mpango wa mwaka 2023

Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza mpango mpya. Badala ya kila mwanafunzi kulipiwa sawa, hali ya jamaa yake ilipimwa kwanza: mapato ya wazazi, idadi ya watoto wanaosoma, mahali wanapoishi, na kama mtoto ni yatima. Kisha gharama yote ya masomo ikagawanywa mafungu matatu: fungu la msaada wa serikali usiolipwa, fungu la mkopo wa HELB, na fungu la jamaa yenyewe. Aliye maskini zaidi alikusudiwa kupata msaada mkubwa zaidi.

Neno hili lilileta kelele. Wako waliowekwa katika kundi la wenye nafasi ilhali nyumbani kwao hamna hata bati. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo haukupatana na Katiba, na shauri likapelekwa katika rufani. Sisi hatukuandika haya ili kuamua nani ana haki. Twataka mwanachama afahamu ya kuwa kanuni hizi hubadilika, na kwamba aliyeomba kwa maneno aliyoyasikia kwa jirani yake mwaka juzi aweza kupotea. Yapasa kuuliza upya kila mwaka.

Yatupasayo kufahamu

Katika mikutano yetu tumeona majina haya yakichanganywa, na machozi mengi hutoka hapo. Kwa hiyo twayaeleza kwa ufupi.

Msaada wa serikali na basari haulipwi. Lakini basari ya eneo la Bunge au ya kaunti huwa ni fedha kidogo ya mwaka mmoja, na lazima iombwe tena mwaka unaofuata. Mtu asiseme, "Tulikwisha pewa."

Mkopo wa HELB hulipwa na mwanafunzi mwenyewe, baada ya kumaliza masomo na kupewa muda wa mwaka mmoja. Shamba la mzazi haliwekwi rehani. Huhitaji wadhamini, nao wajue wanatia sahihi ya nini. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza imekuwa asilimia 4 kwa mwaka. Tufanye hesabu. Mtoto akikopa Sh. 40,000 kila mwaka kwa miaka minne, deni ni Sh. 160,000, na riba ya mwaka mmoja juu ya hiyo ni Sh. 6,400. Lakini faini ya kutolipa imekuwa Sh. 5,000 kwa kila mwezi, yaani Sh. 60,000 kwa mwaka. Waona basi ya kuwa si mkopo unaoangamiza, bali kunyamaza. Kijana ambaye hajapata kazi na aandike mapema aeleze hali yake, asijifiche.

Wako wazee waliosema katika mkutano wa mwaka, "Kukopa harusi, kulipa matanga, afadhali mtoto asisome kuliko kuanza maisha na deni." Twaiheshimu kauli hiyo, maana imetoka kwa watu walioona wenzao wakinyang'anywa ng'ombe. Bali twawaomba wazee wapime: deni la Sh. 160,000 lenye riba ndogo, na shamba lililouzwa lisilorudi tena, ni lipi zito? Na tena, mtoto akirudisha deni, mdogo wake naye hupata.

Wengine walisema Chama kiache mambo ya fomu, kiongeze michango, kimpe kila mtoto fedha mkononi. Tumezipima hesabu zetu. Mfuko wetu waweza kumpa kila mtoto anayeitwa chuoni nauli na vitabu vichache, hauwezi kumlipia karo. Saa mbili za mwandishi mmoja anayejua kujaza fomu zaweza kumletea mtoto yule fedha nyingi kuliko mchango wetu wa mwaka mzima.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi nazo ni mali. Zitafutwe mapema, mtoto angali kidato cha nne: cheti chake cha kuzaliwa; vitambulisho vya wazazi wote wawili; cheti cha kifo kwa mzazi aliyefariki; barua ya chifu inapohitajika; na namba ya mtihani. Mtoto akitimiza miaka 18 apate kitambulisho chake, namba ya PIN ya kodi, na namba ya simu iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mjomba. Majina katika karatasi zote yawe sawasawa. Mtoto aliyeandikwa kwa jina moja katika cheti cha kuzaliwa na jingine katika cheti cha mtihani atahangaika sana. Hali ya nyumbani ielezwe kwa kweli. Asiyetaja yatima hapati haki yake, na anayedanganya humnyima mwenzake.

Siku hizi maombi hufanywa kwa kompyuta au simu, na wako watu wa kati wanaodai fedha nyingi ili "kuipitisha" fomu. Msiwape. Kumlipa mwenye duka la kompyuta kwa kazi ya mikono yake ni halali. Kumlipa mtu anayeahidi kwamba atapata msaada kwa hila ni kutupa fedha baharini.

Azimio

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele ya mkutano mkuu maneno haya. Kila tawi, la Mombasa, la Nairobi na la nyumbani, lichague watu wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana aliyekwisha kuomba mkopo mwenyewe, wawe wasaidizi wa fomu bila malipo. Wawe na daftari ya watoto wote wa kidato cha nne wa wanachama. Wazitembelee kwanza nyumba za wajane na za mayatima, kabla ya mtihani, wakaulize habari ya vyeti. Matokeo yakitoka, wakae ofisini mwetu kila Jumamosi hadi siku ya mwisho ya maombi ipite. Na wale watoto wetu waliokwisha kusoma kwa mkopo na sasa wana mishahara, waje mbele ya wazee waseme wamelipaje, ili hofu itoke.

Wazee waliopitisha kofia kwa ajili ya ndege za mwaka 1959 hawakuwa na fedha nyingi kutushinda. Walikuwa na kamati iliyosoma barua, ikajibu barua, na kujua tarehe. Hilo tuliliacha njiani, tukabaki na kofia peke yake.

Binti tuliyemtaja mwanzoni ameshauriwa na chuo aombe tena nafasi yake, na safari hii cheti cha baba yake kimepatikana. Mama yake ametupa ruhusa ya kuieleza habari hii bila jina, akasema isiwapate wengine. Mjumbe wa Halmashauri ameketi naye akaisoma fomu yote kwa lugha ya kwetu, mstari kwa mstari, kabla ya kutia sahihi.

Ni sisi, kwa heshima,
Halmashauri ya Chama